Waliofanya kazi na Mzee Hodi wa Zimamoto Tabora: kwanini alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba inayoungua?

#1 Mtoto wa Isevya

Mwangaluka wakuu.

Juzi tumemzika askari mstaafu wa Zimamoto pale Tabora. Jina lake kamili silitaji, familia haipendi mambo ya mtandaoni, ila kwa watu wa rika langu ukisema tu "Mzee Hodi" inatosha. Ni yule mrefu, mwembamba, aliyekuwa anapita Kanyenye na baiskeli yenye kengele mbili.

Sasa kwenye tanga uliibuka ubishi mpaka pilau ikapoa. Nikiwa mdogo nyumba ya jirani yetu Isevya ilishika moto. Gari likafika, watu wanapiga kelele, moshi unatoka kwenye bati. Mzee akashuka, akaenda mpaka mlangoni, akaweka mkono kwenye ubao na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hodi! Hodi wenyewe!" Akatega sikio. Watu wakaanza kumtukana, "Mzee ingia, nyumba inateketea!" Akabisha tena. Ndipo akaingia.

Kumbe alikuwa anafanya hivyo kila mahali. Kwenye tanga walikuwepo wenzake watatu wa kazini, kila mmoja ana sababu yake na anaapa ndiyo yenyewe. Mliofanya naye kazi, au mliozimiwa moto naye, karibuni.

#2 Msema Chochote

Poleni wafiwa. Mimi nasema alikuwa anaogopa tu, anavuta muda wenzake watangulie.

#3 Kuruta wa Zamani

#2, ungepangwa zamu yake ungezungushwa uwanja mzima na mpira wa maji mabegani. Mimi nilipelekwa kwake nikiwa konstebo mbichi, hata kuunganisha mpira na pampu sijui.

Sababu ni ya kitaalamu, wala haina fumbo. Moto ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hewa inapungua, miali inalala. Wewe wa nje unadhani umezimika. Lakini joto liko palepale na moshi umejaa mpaka darini, na moshi ule wenyewe unawaka, unachosubiri ni hewa tu. Ukipiga mlango teke kama kwenye sinema, hewa inaingia kwa mkupuo na chumba kizima kinakulipukia usoni.

Kwa hiyo kwanza unaugusa mlango. Unaugusa kwa nyuma ya kiganja, maana ukiunguza kiganja chenyewe huwezi tena kushika mpira wala ngazi. Unaanza juu unashuka chini. Unatazama moshi wa kwenye upenyo: ukiona unatoka kisha unavutwa kurudi ndani, kama mlango unapumua, usiufungue mpaka maji yawe tayari na moshi umetobolewa njia ya juu. Ukiufungua, jibanze pembeni, chini kabisa.

Hiyo ndiyo hodi yake. Wananchi waliona mzee anabisha, kumbe anapima joto.

#4 Asali Mbichi

#3 mkuu, mkono nimeuelewa. Mdomo je? Mlango wa moto unaitikia hodi?

#5 Dereva Boza

Kuruta kaeleza nusu, kama kawaida yake. Mimi nimemwendesha mzee yule miaka mingi, kiti chake kilikuwa kushoto kwangu.

Mdomo ulikuwa kwa ajili ya watoto. Mtoto mdogo akiona moto mara nyingi hatoki nje, anajificha. Uvunguni, kabatini, nyuma ya magunia. Halafu linaingia jitu lina kinyago usoni na mtungi mgongoni, linakoroma, linaita "toka! toka!" Mtoto anajisogeza ndani zaidi, anadhani anakuja kuchapwa. Mzee alikuwa anasema hakuna mtoto wa Tabora aliyelelewa na bibi akashindwa kuitikia hodi. Anaitikia kabla hajafikiri. Ukiisikia sauti umeshajua ni chumba kipi.

Kuna nyumba moja Kiloleni, usiku. Baba mwenye nyumba anatuapia watoto wote wako nje, kawahesabu. Mzee akazunguka dirishani, lile la nondo, akabisha. Kimya. Akabisha tena. Kikajibu kijisauti: "Karibu, baba hayupo."

Tulimtoa akiwa hai. Ni mtoto wa shangazi, alikuja kusalimia, hakuwemo kwenye hesabu. Na hilo la "baba hayupo" tulikuja kujua baadaye, ndivyo watoto wa nyumba ile walivyofundishwa kumjibu mwenye duka wa jirani akija kudai. Mzee alilicheka miaka yote. Mtoto mwenyewe sasa ni mama mtu mzima, makaburini alikuwepo.

#6 Msema Chochote

Hiyo ya "baba hayupo" imenimaliza. Nafuta #2.

#7 Fundi Cherehani

Poleni sana. Mimi wa Ng'ambo, nimekaa naye msikiti mmoja. Nyie mnatafuta mbali. Yule alikuwa mtu wa adabu basi. Kwenye Qurani, Sura ya An-Nur aya ya 27, tumeambiwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Na hodi ni tatu. Yeye alikuwa anabisha tatu kwa kila nyumba, iwe ya tajiri au ya nyasi. Hebu fikiria mama yuko ndani, hajajisitiri, wanaume sita wanaingia na mashoka.

#8 Mwalimu wa Zamu

#7 shehe wangu, wanazuoni wa tafsiri wenyewe wanasema dharura kama moto haisubiri ruhusa. Na hodi tatu usipojibiwa unatakiwa urudi ulikotoka. Huyu alikuwa hajibiwi na anaingia!

Nyongeza kwa vijana: huko kwenye tanga nimesikia mtu akisema mzee "alijiunga na Jeshi la Zimamoto" enzi za ujana wake. Si hivyo. Zamani kikosi cha zimamoto kilikuwa mali ya halmashauri ya mji, chini ya mkurugenzi, pamoja na wafagia barabara na mabwana afya. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wazee kama yeye walianza na kofia ya manispaa wakamalizia na vyeo vya kijeshi.

#9 Dereva Boza

#8 sahihi kabisa. Na saluti alikuwa hajaizoea mpaka anastaafu. Afande mkubwa anapita, yeye anasema "Shikamoo mwanangu."

#10 Kuruta wa Zamani

Shikamoo alikuwa anaitoa yeye kwa mdogo wake, ndiyo balaa lenyewe.

#11 Migebuka Mkavu

Kigoma tupo. Msijimilikishe huyu mzee, alikuja huku kwa muda, na treni, reli iliyofika Tabora 1914, akakaa mpaka akajua kula ugali wa muhogo.

Kibirizi boti la mbao lilishika moto, lina madumu ya petroli. Wote tumekimbia. Mzee akasimama gatini, "Hodi!" Nahodha akajibu kutoka majini, "Karibu, lakini ukae hukohuko!"

#12 Mwalimu wa Zamu

Reli ilifika Tabora 1912. Kigoma ndiyo 1914. Tuwe na adabu na historia.

#13 Asali Mbichi

#11 hii chai haina hata sukari.

#14 Migebuka Mkavu

Nahodha ni mjomba wangu! Sawa, tuseme hodi ya botini nimesimuliwa. Ila hii nimeiona kwa macho yangu, Mwanga sokoni. Mama anakaanga samaki, karai la mawese limeshika moto, miali imefika kwenye turubai. Kesha chota maji kwa kata. Mzee alikuwa anapita tu na mfuko wa dagaa, akamdaka mkono hewani, akachukua sinia la bati akalifunika karai, akavuta kuni. Moto kwisha. Sinia hakulifunua, na karai hakumruhusu mtu alisogeze.

Halafu akatufundisha palepale. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini ya karai. Chini kule joto ni kubwa kupita la maji kuchemka, kwa hiyo yanageuka mvuke mara moja, na mvuke unachukua nafasi karibu mara 1,700 ya yale maji. Unapanda na mafuta yote yanayowaka. Kata moja tu ya maji, soko lingekwenda. Mama yule akampa samaki bure, akakataa, akalipa.

Na hata hapo alianza na hodi: "Hodi mama, naazima sinia." Huku kashalishika.

#15 Kuruta wa Zamani

#14 hiyo naiamini, ndiye mwenyewe. Na petroli ni hivyohivyo, inaelea juu ya maji, ukiimwagia unaitembeza tu. Inataka povu liifunike.

#16 Bibi wa Cheyo

Naandikiwa na mjukuu. Mwacheni marehemu apumzike. Mimi nasema habari ya kisima.

Kisima chetu cha zamani, kimefunikwa miezi mingi. Kijana mmoja akashuka kutoa ndoo, hakupanda. Mwenzake akasema namfuata. Mzee aliyekuwa jirani yetu, amevaa msuli, hata zamu hana, akamshika yule wa pili kwa ukosi akamwangusha chini. Akamwambia "Shujaa wa pili ndiye maiti wa pili." Akasimama juu ya kisima, "Hodi humo!" Hakuna jibu. Akateremsha taa kwa kamba, ikazimika kabla haijafika maji. Akasema humo hamna hewa. Wakaja wenzake na mitungi, wakashuka, wakamtoa. Aliugua lakini alipona, ana wajukuu.

Na siku ile mimi nilidhani anabisha hodi kwa majini. Nikamwambia, baba, hao hawaitiki mchana. Akacheka sana.

#17 Mtoto wa Isevya

Shikamoo bibi. Asante kwa hii.

#18 Kijana wa Ipuli

Swali la pembeni wakuu. Kwa mji ulivyojaa visima, kwanini gari la zimamoto likiishiwa maji lisinyonye tu kisimani? Watu wanakasirika, wanaona kama ni uzembe.

#19 Dereva Boza

Ooh, hili. Mzee alikuwa analieleza mpaka mate yanakauka, huku wananchi wameshika mawe.

Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa kwenye bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unayasukuma maji yapande. Na hewa ina nguvu yenye kikomo. Usawa wa bahari ni kama mita 10 kwa hesabu za darasani. Tabora tuko juu, kama mita 1,200, hewa nyepesi, hesabu inashuka mpaka karibu mita 9. Kazini ukipata 7 umshukuru Mungu. Kisima cha mita 15 hata ulete pampu ya meli, kwa kunyonya kutoka juu hupati tone. Ndiyo maana tunatafuta bomba la zimamoto la barabarani au bwawa.

Na maji yenyewe: mpira mmoja ukimwaga lita 500 kwa dakika, gari la lita 5,000 limekwisha kwa dakika 10. Mtu anaona gari kubwa anadhani limebeba bwawa la Igombe.

#20 Kijana wa Ipuli

Nimeelewa. Nilikuwa mmoja wa wenye mawe enzi hizo, tusameheane.

#21 Mrina Asali

Mimi natokea Sikonge, mnamkumbuka kwa moto, sisi tunamkumbuka kwa nyuki. Kundi likitua kwenye dari ya shule au benki mjini, watu wanapiga simu zimamoto. Wengine wanakuja na dawa ya kuua. Yeye hakukubali. Alikuwa anatuita sisi warina, anasubiri giza liingie, tochi kaifunga kitambaa chekundu, maana nyuki haoni rangi nyekundu. Moshi kidogo, tunakusanya kundi kwenye mzinga wa gome, tunaondoka nalo porini.

Na ndiyo, alibisha hodi. "Hodi mabibi, tunawahamisha." Kwa hiyo nyie wa joto la mlango na wa watoto, nyuki mnawaweka wapi?

#22 Asali Mbichi

#21 kaua hoja zote.

#23 Kuruta wa Zamani

Haijaua kitu. Alikuwa ameshazoea mdomoni. Mtu akifanya jambo miaka 30 atabisha hodi hata chooni kwake.

#24 Mkulima wa Urambo

Nami niweke la kwangu. Bani la tumbaku la mvuke lilishika moto kwa baba yangu. Wasiojua: majani yananing'inia kwenye fito, chini linapita bomba la joto kutoka tanuri. Jani kavu likikatika likaangukia bomba, msimu mzima umekwenda. Kutoka Tabora mjini mpaka kwetu wanafika majivu yameshapoa, hilo kila mtu anajua. Lakini mzee alikuwa amewahi kuja kutoa elimu kabla ya msimu, akamwambia baba atandaze wavu wa waya juu ya bomba, jani likianguka linashikwa hapo. Baba akapuuza. Bani likaungua. Mwaka uliofuata mzee akarudi, mkononi kabeba kipande cha wavu, akasimama nje ya uwanja: "Hodi, naona sasa nitakaribishwa."

Baba yangu mpaka leo akikumbuka anatukana kidogo halafu anamwombea dua.

#25 Nyumba Kumi

Wote mmekosa. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi na alizungumza naye jambo hili. Enzi zile moto ukizimwa, kesho yake utasikia: redio yangu haionekani, hela za chini ya godoro hazipo, zimamoto wamechukua. Wengine kweli walikuwa wanaibiwa, na majirani wanaojifanya kusaidia kutoa vyombo. Mzee akajiwekea utaratibu: anabisha mbele ya watu, anamtaka mwenye nyumba au balozi asikie, anaingia. Akitoka anaonyesha mikono. Hodi ilikuwa ushahidi. Mwizi haingii kwa hodi.

#26 Fundi Cherehani

#25 hili lina uzito. Lakini halipingani na adabu.

#27 Dereva Boza

#25 baba yako simjui, ila ile ya kuonyesha mikono ni kweli. Nilidhani anaonyesha hajaungua.

#28 Mkwe

Salamu kwenu. Mimi ni mke wa mwanawe wa pili, nimeonyeshwa uzi huu nikausoma wote mpaka usiku. Ahsanteni, mama amecheka mara ya kwanza tangu msiba.

Nami niliwahi kumuuliza, wakati namuuguza. Kwanza akaniambia ni kwa sababu ya watoto. Siku nyingine, mlango. Mjukuu wake akamuuliza, akamwambia alikuwa anamuaga shetani atoke kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia baba, sasa ukweli ni upi? Akasema: "Mgongo ulikuwa unaniuma, nilikuwa napumzika pale mlangoni, mkanifanya bingwa."

Mama anasema yote hayo uongo. Anasema alipokuja kumposa kwa baba yake aliingia bila hodi, akafukuzwa na mchi, na tangu siku hiyo hajaingia mahali kimyakimya.

#29 Msema Chochote

Nilisema anavuta muda mkanizomea! "Nilikuwa napumzika." Someni #2.

#30 Kuruta wa Zamani

#29 si umeifuta? Mkwe, pole sana na msalimie mama. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli, lakini ni wa miaka ya mwisho. Hodi ilianza zamani. Mimi nabaki na mlango.

#31 Dereva Boza

Nami nabaki na watoto. Mama kanichekesha lakini.

#32 Nesi wa Usiku

Poleni. Naomba kuuliza wataalamu mliopo maana uzi umewakusanya. Mzee huyu alipostaafu alikuwa anapita nyumba za jirani zetu anakagua mitungi ya gesi bila malipo, na povu la sabuni. Anapaka kwenye maungio, povu likipanda vipovu kuna mahali panavuja. Alisema tukisikia harufu tusiwashe taa. Usiku nafanyaje gizani?

#33 Kuruta wa Zamani

Usiwashe na usizime. Swichi inatoa cheche kwa njia zote mbili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, siyo dirisha la juu tu. Funga mtungi ukiweza, toa watu, simu piga ukiwa nje.

#34 Kijana wa Ipuli

Namba ni 112, sivyo?

#35 Mwalimu wa Zamu

112 polisi. Zimamoto ni 114, bure. Na ukipiga usiseme "njooni haraka kwangu". Sema mtaa, msikiti au shule ya karibu, kinachoungua ni nini, na mtu asimame barabarani awapokee.

#36 Dereva Boza

Na usiku ufunguo wa kufuli uwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Madirisha yetu yote nondo. Swali la kwanza la mzee kwa mwenye nyumba, baada ya hodi yake, lilikuwa "funguo ziko wapi?" Wengi walikuwa hawajui.

#37 Mtoto wa Isevya

Wakuu ahsanteni. Familia inataka picha yake akiwa kazini, waliyonayo ni ya kitambulisho tu. Mwenye nayo anicheki pembeni.

#38 Dereva Boza

Ninayo moja, uwanja wa kituo, kashika ngazi iliyovunjika, amenuna. Nyuma yake anaonekana Kuruta kainamisha kichwa.

#39 Kuruta wa Zamani

Ngazi ile uliikanyaga wewe ukirudi nyuma na gari bila mtu wa kukuelekeza.

#40 Dereva Boza

Nani aliiacha chini nyuma ya tairi?

#41 Asali Mbichi

Wekeni hiyo picha hapa tuamue.

#42 Kuruta wa Zamani

Ikiwekwa, mkate upande wa kulia.